Nusu ya Baba, Nusu ya Mama: Ualbino Unavyorithiwa

Chukua nakala zote za jeni yenye hitilafu iletayo ualbino zilizomo miilini mwa Watanzania, uzigawe mafungu 52 yaliyo sawa. Fungu moja tu limo ndani ya watu wenye ualbino. Mafungu 51 yamo ndani ya watu wenye ngozi nyeusi kama yangu, nywele nyeusi na macho yasiyosumbuliwa na jua, ambao hawajawahi kuambiwa wamebeba chochote na wengi wao watazeeka bila kujua. Hesabu hiyo nitaionyesha inavyopatikana. Nimeitanguliza kwa sababu msimamo wangu katika safu hii umesimama juu yake: urithi wa ualbino ni wa jamii nzima. Unapita kimya katika koo zetu, kwa baba na kwa mama kwa kipimo kilekile, na anayemtwika mwanamke lawama kwa kuzaa mtoto mwenye ualbino amekosea biolojia kabla hata hatujafika kwenye dhuluma.

Tuanze na idadi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino katika nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 45, yaani mtu mmoja katika kila watu 2,700 hivi. Nyuma ya hapo, mwaka 1985, Luande na wenzake walioichunguza ngozi ya watu wenye ualbino Dar es Salaam walikadiria mtu mmoja katika kila 1,400. Kenya, katika sensa ya 2019, ilihesabu watu 9,729. Naamini takwimu za sensa ziko chini ya hali halisi. Swali huulizwa mlangoni, na sensa ya 2012 ilikuja miaka michache tu baada ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa. Mzazi wa Shinyanga au Geita aliyekuwa akimlaza mtoto wake kwa hofu hakuwa na sababu ya kumtaja kwa mgeni aliyebisha hodi na karatasi. Hata hivyo nitatumia hesabu hiyo ndogo, nisije nikadhaniwa ninakuza mambo.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja aliyopewa na baba na nyingine na mama. Ualbino tunaoujua sana huku, unaogusa ngozi, nywele na macho kwa pamoja, hutokea pale tu nakala zote mbili za jeni fulani zinapokuwa na hitilafu. Aliye na nakala moja nzima na moja mbovu haonyeshi dalili yoyote, kwa kuwa ile nzima inatosha kuifanya kazi yote. Huyo tunamwita mbebaji. Mwaka 1908 wanasayansi wawili, Hardy wa Cambridge na Weinberg wa Stuttgart, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba ukijua ni wangapi wenye nakala mbili mbovu unaweza kukadiria wabebaji. Ikiwa mtu mmoja katika 2,700 amepata mbili, basi nakala mbovu ni moja katika kila nakala 52, kwa sababu 52 mara 52 ni 2,704. Na kwa kila nakala mbovu 52, moja tu hukutana na mbovu mwenzake ndani ya mtu mmoja: ndiyo yale mafungu 52. Wabebaji, kwa hesabu hiyo, ni karibu mtu mmoja katika kila 27. Ukishika makadirio ya 1985 wanakuwa mmoja katika kila 19. Katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilikuta ina watu zaidi ya milioni 61, wabebaji hawapungui milioni mbili. Daladala yenye abiria 30 inayotoka Mbagala kwenda mjini huwa, kwa wastani, imempakia angalau mmoja.

Sasa jeni hii inafanya nini? Rangi ya ngozi, nywele na macho hutokana na melanini, na melanini hutengenezwa ndani ya seli maalumu ziitwazo melanosaiti. Watu wengi hudhani mtu mwenye ualbino hana seli hizo. Anazo, na idadi yake haina tofauti na ya nduguye mweusi. Hapo ndipo ualbino unapoachana kabisa na vitiligo, ile hali ya mabaka meupe inayomjia mtu aliyezaliwa na rangi yake: huko melanosaiti huangamizwa, huku zipo hai ila haziwezi kumaliza kazi. Ndani ya melanosaiti kuna vifuko vidogo mno, na humo kimeng'enya kiitwacho tairosinesi huichukua tairosini, ambayo tunaipata katika vyakula vya protini, na kuianzishia safari ya kugeuka melanini. Kimeng'enya hicho hakipendi uasidi. Kifuko kikiwa na asidi nyingi, kimeng'enya hulala hata kama kipo na ni kizima.

Jeni inayohusika na ualbino wa watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara inaitwa OCA2, nayo ipo kwenye kromosomu ya 15. Kazi yake ni kutoa protini inayokaa kwenye ukuta wa kile kifuko na kupitisha ayoni za kloridi, na hivyo kupunguza asidi ndani yake. Protini hiyo ikikosekana, uasidi hubaki juu na tairosinesi hufanya kazi kidogo sana. Ndiyo maana watu wengi wenye ualbino hapa kwetu wana nywele za manjano, si nyeupe pe, na wengine huota madoa ya kahawia kwenye ngozi iliyopigwa na jua. Kiwanda chao kinatoa rangi, ila kidogo mno. Ualbino wa jeni nyingine, TYR, iliyo kwenye kromosomu ya 11, hugonga kimeng'enya chenyewe, na katika aina yake kali zaidi nywele hubaki nyeupe maisha yote. Huo ni wa kawaida zaidi Ulaya kuliko kwetu. Zipo pia TYRP1 ya kromosomu ya 9, inayoleta ngozi na nywele za wekundu fulani na imeelezwa sana Afrika Kusini, na SLC45A2 ya kromosomu ya 5, inayoonekana sana Japani. Kuna ualbino unaogusa macho peke yake, ambao jeni yake imo kwenye kromosomu ya X, hivyo huwapata zaidi wavulana na hupitia kwa mama. Aina hiyo ya mwisho ni ndogo kwa idadi, na isitumiwe kuirudisha lawama kwa akina mama wote.

Naomba tukae kidogo kwenye OCA2, kwa sababu ina historia ambayo kila Mwafrika wa Mashariki angestahili kuifahamu. Mwaka 1995 zilichapishwa tafiti mbili, moja ya wagonjwa wa Tanzania na nyingine ya Afrika Kusini. Zote zilikuta kwamba takribani robo tatu ya nakala mbovu za jeni hii zina kasoro ileile moja: kipande cha herufi za vinasaba kama 2,700 kimekatika, mahali palepale, kwa urefu uleule. Kasoro hiyohiyo imepatikana Zambia, Zimbabwe, Kamerun na Afrika ya Kati, na pia kwa Wamarekani weusi ambao mababu zao walivushwa bahari kwa nguvu. Ajali ya namna hiyo haitokei mara elfu mahali palepale. Ilitokea mara moja, kwa mtu mmoja, zamani sana kabla jamii hizi hazijatawanyika, na imekuwa ikirithishwa tangu hapo. Mtoto aliyezaliwa leo Ukerewe na mtoto aliyezaliwa leo Limpopo, wakiwa na kipande hicho kilichokatika, wana babu au bibi mmoja wa kale. Huyo babu mwenyewe hakuwa na ualbino. Alikuwa mbebaji tu, kama mamilioni ya wajukuu wake.

Hapa ndipo ninapogombana na maneno ninayoyasikia mara kwa mara. Mtoto anazaliwa, wakunga wanatazamana, na upande wa baba unasema: “Kwenye ukoo wetu hakuna kitu hiki.” Mama mkwe anasema hivyo, mawifi wanaitikia, na baba, ambaye labda angenyamaza, anajikuta hana pa kusimama. Kinachofuata ni shutuma kwamba mke alitembea nje, tena na Mzungu, au kwamba alimcheka mtu mwenye ualbino akiwa mjamzito, au kwamba kuna agano la kwao lililovunjwa. Wapo akina mama waliorudishwa kwao wakiwa bado na uchungu wa kujifungua.

Tuyachukue moja moja. “Ukoo wetu hauna” ni kauli ambayo hesabu yenyewe inaikataa. Mbebaji akioana na asiye mbebaji, hapatazaliwa mtoto mwenye ualbino hata wakijaliwa kumi na wawili, lakini nusu ya watoto hao, kwa wastani, watakuwa wabebaji. Nakala inaweza kushuka hivyo vizazi vitano, vizazi kumi, bila mtu yeyote kuiona. Hata pale wabebaji wawili wanapokutana, si lazima ionekane: wanandoa wa namna hiyo wakizaa watoto wanne, karibu theluthi moja yao hawatapata hata mtoto mmoja mwenye ualbino. Kwa hiyo kutokuwepo kwa ualbino katika kumbukumbu ya ukoo hakuthibitishi chochote kuhusu kilichomo katika damu ya ukoo. Kumbukumbu yenyewe nayo tuitilie shaka, kwani watoto waliozaliwa hivyo zamani wapo waliofichwa, na wapo ambao hawakuachwa waishi. Ule usemi kwamba watu hawa hawafi bali hutoweka umetokana, kwa maoni yangu, na maisha yaliyofichwa na mazishi ya usiku.

Shutuma ya Mzungu inashangaza zaidi hapa Pwani, ambako kila mtu anamjua chotara. Mtoto wa Mwafrika na Mzungu huwa na ngozi ya kahawia na nywele nyeusi au za hudhurungi. Hawi na ngozi nyeupe isiyo na rangi, nywele za manjano na macho yanayochezacheza. Ili mtoto awe na ualbino wa aina hii, nakala mbovu lazima zije mbili, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba aliyemzaa. Baba mbebaji ndiye sharti la mtoto huyu kuwepo. Ngozi ya mtoto, kwa hiyo, haitoi ushahidi wowote dhidi ya ndoa. Mwanamume anayetilia shaka kweli ana njia ya kisheria: vipimo vya vinasaba nchini vinasimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi hupitia kwa waliotajwa na sheria, kama mahakama. Kwa habari ya kucheka au kuona kitu wakati wa ujauzito, jambo lilikwisha siku mbegu ya baba ilipokutana na yai la mama. Mama alikuwa hajajua hata kama ana mimba.

Kosa jingine ni la watu waliosoma kidogo na kusikia “mmoja kati ya wanne”. Hudhani kwamba wakishampata mmoja, watatu wanaofuata wako salama. Wengine hupata wawili mfululizo na kuamini sasa ni laana kweli. Ukirusha sarafu ikaangukia kichwa, sarafu haikumbuki. Mrusho unaofuata unaanza upya. Kila mimba ya wabebaji wawili ina uwezekano wa robo ya kuleta ualbino, nusu ya kuleta mbebaji, na robo ya kuleta mtoto asiyebeba kitu. Ndugu mweusi wa mtu mwenye ualbino, kwa kuwa tayari tunajua hayumo katika robo ile ya kwanza, ana uwezekano wa theluthi mbili kuwa mbebaji. Yeye ndiye anayehitaji ushauri kabla ya ndoa, na yeye ndiye asiyewahi kupewa.

Na ndoa za binamu? Swali hili huulizwa sana na jamaa wa Pwani na visiwani, na linastahili jibu la tarakimu badala ya kukemea. Kwa hesabu ya sensa, wanandoa wasio na undugu wana uwezekano wa mmoja katika 2,700 kwa kila mtoto. Binamu wa kwanza wana kama mmoja katika 650, yaani karibu mara nne. Bado ni mdogo. Lakini kama mmoja wao ana ndugu wa tumbo moja mwenye ualbino, uwezekano unapanda hadi karibu mmoja katika 24, ilhali angeoa mbali ungekuwa mmoja katika 160. Mimi simkatazi mtu kuoa kwao. Namwomba ajue namba hizi kabla ya posa, si baada ya arusi. Tena isidhaniwe kwamba ualbino ni alama ya ndoa za ndugu: watoto wengi sana wenye ualbino nchini wamezaliwa na watu ambao koo zao hazijawahi kukutana hadi siku ya mahari.

Mtu mwenye ualbino naye akioa au kuolewa na mtu mweusi asiye ndugu yake, uwezekano wa kupata mtoto mwenye ualbino ni karibu mmoja katika 53 tu kwa kila mimba. Watoto wengine wote watakuwa weusi, na wote watakuwa wabebaji. Kijana anayeambiwa asioe “asije akaongeza” ameambiwa jambo lisilo na msingi. Wakioana wawili wenye ualbino wa jeni ileile, watoto wote watakuwa nao. Wakiwa wa jeni tofauti, mmoja OCA2 na mwingine TYR, watoto huzaliwa na rangi ya kawaida, kwa kuwa kila mzazi anatoa nakala nzima ya kile alichokikosa mwenzake. Hili si nadharia: mwaka 1952 daktari wa macho Patrick Trevor-Roper alieleza familia ya Uingereza ya namna hiyo hasa. Huku kwetu, ambako OCA2 imetawala, ni nadra, ila likitokea lisiwe sababu ya mtu kumshuku mwenziwe.

Wazo baya kuliko yote, na nimelisikia kwa watu wenye shahada, ni kwamba ualbino ungeweza kumalizwa kama wenye ualbino wasingezaa. Turudi kwenye yale mafungu 52. Ukiwazuia wote, umegusa fungu moja. Katika kizazi kinachofuata idadi ingeshuka kutoka mmoja kati ya 2,700 hadi kama mmoja kati ya 2,800. Kuipunguza kwa nusu kungetaka vizazi zaidi ya ishirini, miaka mia tano na ushei ya kuwanyima watu familia. Ni ukatili, na hata kwa mizani yake wenyewe ni ujinga. Hata wale wanaokata viungo vya watu wenye ualbino kwa tamaa ya bahati ya uvuvi na machimbo wanadhani wanakamata kitu cha ajabu kilichomo kwa wachache. Kilichomo katika mfupa wa mtu mwenye ualbino kimo katika mfupa wa wengine wote. Na ile nakala moja iliyokatika huenda imo kwa mganga mwenyewe anayeviagiza viungo hivyo.

Sasa macho, ambayo tunayazungumza kidogo kuliko ngozi na ndiyo yanayowaangusha watoto shuleni. Melanini haikuwekwa kwa urembo tu. Mtoto akiwa bado tumboni, rangi iliyo nyuma ya jicho hushiriki katika kulijenga. Ikipungua, kile kidoa cha katikati ya retina tunachosomea herufi ndogo hakikui vizuri, na nyuzi za neva zinazotoka jichoni kwenda ubongoni hupotea njia: nyingi mno huvuka kwenda upande wa pili. Matokeo yake ni uoni hafifu, macho kuchezacheza, makengeza na kuumizwa na mwanga. Miwani husaidia pale penye tatizo la lenzi, lakini haiwezi kuijenga upya retina. Mzazi akinunua miwani kisha mtoto akashindwa bado kusoma ubaoni, si kwamba mtoto ni mvivu. Anakaa dawati la nyuma kwa sababu ni mrefu au ni mwoga, mwalimu anaandika kwa chaki kwenye ubao uliochakaa, mtihani unakuja kwa herufi ndogo, kisha tunasema watoto hawa ni wazito wa kuelewa. Bungeni, mahakamani na vyuo vikuu tumewaona watu wenye ualbino wakifanya kazi za akili nzito: Salum Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010, na Kenya wana Jaji Mumbi Ngugi. Jeni za rangi hazipangi akili.

Ngozi ndiyo inayoua. Bila melanini, miale ya jua huvunja vinasaba vya seli za ngozi tangu utotoni, na utafiti ule wa Dar es Salaam wa 1985 ulionyesha madhara yanaanza mapema mno, na saratani zinakuja katika umri ambao wengine ndio wanaanza maisha. Ni kifo kinachozuilika karibu chote. Tumepaza sauti, na ilikuwa haki, dhidi ya wauaji wenye mapanga. Jua la saa sita linaua wengi zaidi, na halijawahi kufikishwa mahakamani.

Nini kifanyike? La kwanza halina gharama. Kila mtoto mwenye ualbino anapozaliwa kituoni, mkunga au tabibu azungumze na wazazi wote wawili pamoja, kabla hawajaruhusiwa, na bibi wa upande wa baba aitwe kama yupo, kwa kuwa neno lake ndilo litakalotawala nyumbani. Baba aambiwe wazi: nusu ya hali hii imetoka kwako, kama nusu nyingine ilivyotoka kwa mkeo, hakuna aliyekosa. Nimeona uso wa mwanamume ukibadilika anapoambiwa hivyo na mtu aliyevaa koti jeupe mbele ya mama yake mzazi. Mazungumzo haya yawe sehemu ya mafunzo ya wakunga, na yaandikwe kwenye karatasi ambayo mama ataondoka nayo, maana maneno husahaulika na mawifi hawakuwepo. Tabibu aulize pia kama mtoto hutoka damu isiyokoma au huchubuka ovyo, kwa sababu zipo aina adimu, kama sindromu ya Hermansky-Pudlak, ambapo ualbino huja na tatizo la damu, na mtoto huyo asifanyiwe tohara wala kung'olewa jino bila kuchunguzwa.

La pili ni shule. Urithi wa jeni tunaufundisha sekondari kwa njegere za mwanasayansi Mendel, kwa vijana waliokwisha kuchujwa. Wengi wa watakaokuwa wazazi hawafiki huko. Sayansi ya darasa la sita au la saba inaweza kabisa kubeba somo hili, kwa mifano ya watu badala ya njegere, mtoto akijichorea mwenyewe baba, mama na watoto wanne. Mtoto wa miaka kumi na mbili aliyechora mchoro huo mara moja hatadanganyika kirahisi na mganga.

La tatu ni kipimo. Kwa kuwa hitilafu moja inabeba takribani robo tatu ya nakala mbovu za OCA2 hapa nchini, tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina: kipimo kimoja rahisi cha PCR kinachotafuta kipande kile kilichokatika kingewatambua wabebaji walio wengi. Baadhi ya hospitali zetu za rufaa zina mashine za kufanya hivyo. Napendekeza kipatikane kwa hiari kwa ndugu wa watu wenye ualbino na wachumba wao, kikiambatana na ushauri wa mtaalamu, na majibu yakikaa siri ya aliyepimwa. Napinga kifanywe sharti la ndoa misikitini au makanisani, na napinga kitumiwe kuamua mimba ipi iishi. Aelezwe pia kila anayepimwa kwamba jibu la “hakuna” halifuti uwezekano wote, kwani robo moja ya nakala mbovu ina kasoro za namna nyingine.

Na la mwisho ni losheni ya kukinga jua. Hospitali ya KCMC pale Moshi imethibitisha kwamba inaweza kutengenezwa hapahapa, kwa ngozi hizi na jua hili, na Kenya serikali imekuwa ikiigawa bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwetu bado familia nyingi huipata kwa hisani ya wafadhili, kwa msimu, kama zawadi. Iingizwe katika manunuzi ya kawaida ya Bohari ya Dawa, ifike zahanati, na itolewe katika kliniki ileile mtoto anakopimwa uzito na kuchanjwa. Kabla ya miezi sita mama afundishwe kivuli, kanga ya kumfunika na kofia pana. Kuanzia hapo aondoke na kopo lake kila anapokuja, na muuguzi amtazame mtoto ngozi kuanzia utosini, nyuma ya masikio na shingoni, aandike alichokiona kwenye kadi, na penye kidonda kisichopona wiki kadhaa ampe rufaa siku hiyohiyo.